Kisu cha Zamani Kiulizwe Kipini Chake

Mtu akiletewa kisu cha zamani anunue, jambo la kwanza afanyalo ni kukichomoa alani akatazama bapa. Atasoma maandishi yaliyopigwa muhuri katika chuma, atajaribu makali kwa ncha ya kidole, halafu atataja bei. Kipini hukishika tu, hakitazami. Kwa ruhusa ya wasomaji watukufu, nataka kusema leo kwamba mtu huyo ameanzia mahali sipo, na kwamba kwa kuanzia hapo tunapunjwa mali na, lililo zito zaidi, tunapunjwa sifa.

Nasema tunapunjwa nikikusudia sisi watu wa pwani pia, ingawa visu nitakavyovitaja viko mbali na harufu ya bahari. Viko Moi's Bridge, mji mdogo wa mahindi kando ya mto Nzoia, katika njia ya kutoka Eldoret kwenda Kitale. Jina la kwanza la mji huo lilikuwa Hoey's Bridge, na huyo Hoey ni Arthur Cecil Hoey, mwindaji wa Kizungu aliyekuwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kufika sehemu zile mwanzoni mwa karne ya 20, naye baadaye akalowea. Basi mji huu tangu asili yake umepewa jina la mwindaji. Makaburu waliingia Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, walowezi wengine wakaenea Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Nyumba ya mlowezi ilikuwa haikosi bunduki, na penye bunduki hapakosi kisu.

Wenyewe walipoanza kuondoka, Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bunduki zilikuwa na vibali na hesabu yake. Visu havikuwa na hesabu. Vilibaki kwa mpishi, kwa dereva wa trekta, kwa mchunga ng'ombe, na kwa mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuchuna ngozi. Leo wajukuu wa wazee hao wanahitaji karo na mbolea, na visu vinatoka masandukuni.

Nilipokwenda huko kumtembelea jamaa yangu aliyeoa upande wa Bungoma, nilionyeshwa kisu kimoja cha namna hiyo. Bapa lake lilikuwa la Sheffield, limeliwa na kunolewa hata likawa jembamba kama jani la mwanzi. Kipini kilikuwa cha pembe ya kongoni, kimepigwa misumari mitatu, na noleo lake lilikatwa katika ganda la risasi, shaba tupu. Mwenye kisu aliniambia kwamba babu yake alikibeba kiunoni miaka na miaka. Mnunuzi mmoja wa mjini alikuwa amekitazama na kumwahidi fedha ya kununulia kilo chache za sukari. Sababu aliyoitoa ilikuwa maneno matatu tu: kipini si chake.

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyajibu.

Nakubali kwanza kwamba bapa lina habari zake, na asiyezijua hawezi kukikadiria kisu. Visu vingi vya kuwindia vilivyofika Afrika Mashariki vilitoka katika miji miwili: Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Joseph Rodgers wa Sheffield alipiga alama ya nyota na msalaba, George Wostenholm akapiga herufi I*XL, na Henckels wa Solingen akatumia alama ya watu wawili mapacha, alama iliyoandikishwa tangu mwaka 1731. Jina la nchi nalo ni ushahidi. Marekani ilipitisha sheria ya forodha mwaka 1890 iliyotaka bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe zilikotoka, na tangu hapo viwanda vingi vikazoea kuandika England au Germany katika chuma. Kisu chenye neno hilo aghalabu ni cha baada ya hapo. Kisicho nalo huenda kikawa cha kabla, walakini si lazima, kwani si kila kisu kilitengenezwa kipelekwe Marekani.

Haya yote ni elimu nzuri. Lakini bapa likishasomwa limesema jambo moja tu: lilifuliwa wapi. Halisemi liliishi wapi, wala lilikuwa mkononi mwa nani. Hayo yako katika kipini.

Vipini vya visu hivi nimevigawa mafungu manne, na kila fungu lina thamani yake. La kwanza ni kipini cha kiwandani, ambacho aghalabu ni cha pembe ya ayala, cha mti au cha ngozi iliyokatwa vipande vya duara vikapangwa kama sarafu. La pili ni kipini kilichoagizwa na mnunuzi tangu mwanzo, chenye herufi za jina lake, au mti aliouchagua mwenyewe. La tatu ni kipini kilichowekwa baadaye kwa sababu ya kazi, kile cha kwanza kikiwa kimevunjika, au kimepasuka kwa jua, au kimeoza kwa damu na jasho. La nne ni kipini kilichowekwa juzi ili kisu kionekane kuwa ni kile ambacho sicho.

Mnunuzi wa mjini huyachanganya mafungu haya, akayaita yote kwa jina moja la ubovu. Si sawa. Fungu la tatu ni tarehe, na fungu la nne ni ulaghai, na kuyapambanua hakuhitaji uchawi. Tazama noleo linapokutana na bapa. Kipini kilichotumika miaka 50 kimeshikana na chuma kwa uchafu na mafuta, na kutu ya msuka imeingia katika mti ikaacha doa. Tazama misumari: iliyopigwa kwa nyundo ina kichwa kisicho duara kamili, na imesagika sawa na mti wenyewe. Tazama gundi: ile ya siku hizi hung'aa pembeni kama kioo. Kisha linganisha uchakavu. Bapa lililoliwa nusu na kipini chenye kona kali haviwezi kuwa wa umri mmoja. Mwisho rudisha kisu alani. Ala ya ngozi hushika umbo la mwenzake. Kisu kikicheza ndani, au kipini kikikataa kuingia mahali pake, mmoja wao ni mgeni.

Kisu nilichoonyeshwa Moi's Bridge kilikuwa cha fungu la tatu. Doa la kutu lilikuwapo, misumari imesagika, na pembe ilikuwa na bonde mahali pa kidole gumba, bonde lisilochongwa na fundi bali lililochimbwa na mkono wa mtu kwa kufanya kazi. Mkono huo ni wa nani? Hapo ndipo habari inapotufikia sisi.

Msafara wa uwindaji ulikuwa hauendi kwa bwana mwenye bunduki peke yake. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipofika uwanda wa Uasin Gishu na mto Nzoia mwaka 1909, alikuwa na wapagazi wengi, na miongoni mwa wabeba bunduki wake wa safari hiyo ya Afrika walikuwa Muhamed na Bakari. Majina hayo yametajwa na Roosevelt mwenyewe katika kitabu cha safari yake. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa ni majina ya watu wa dini gani. Wala hao hawakuwa wa kwanza kufika huko. Kabla ya Hoey kuufikia mto, misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kufanya kituo Mumias ikitafuta pembe za ndovu hadi pande za mlima Elgon.

Sasa fikiri, ewe msomaji. Mnyama amepigwa risasi, ameanguka, bado roho imo. Watu wa msafara wanataka nyama, na Waislamu katika wao hawali ila kilichochinjwa. Basi mmoja wao alikuwa hana budi akimbie, kisu mkononi, ataje jina la Mwenyezi Mungu na akate koo kabla roho haijatoka. Wanavyuoni wana maneno yao juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi, nami sifungui darasa hiyo hapa. Wale wazee walichagua la yakini. Wawindaji wa Kizungu waliliandika jambo hili mara nyingi, na wengine kwa kunung'unika, kwa kuwa koo likikatwa ngozi ya shingo huharibika, na wao walitaka kichwa kizima cha kutundika ukutani. Ulikuwa mvutano wa kila siku porini, baina ya mtu anayetaka pambo na mtu anayetaka chakula cha halali.

Katika mvutano huo kisu kilikuwa cha nani? Kwa risiti kilikuwa cha bwana. Kwa kazi kilikuwa cha Bakari, na cha mchunaji wa Kinandi au wa Kibukusu aliyepokea kisu baada yake akafanya kazi mpaka usiku. Hao ndio walionoa, ndio waliovunja kipini, ndio waliotafuta pembe au mzeituni wa porini wakatia kingine kabla ya asubuhi. Waswahili husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hapa mwenye kisu kikali alikula nyama kidogo, sifa ikaliwa na mwingine.

Hata jina la kisu lilikwenda huko huko. Mwaka 1956 kiwanda cha Puma cha Solingen kilitoa kisu kilichopewa jina la White Hunter, yaani mwindaji mweupe, kwa kuwalenga wawindaji wa Afrika Mashariki. Chama cha wawindaji hao kiliundwa Nairobi mwaka 1934, kikavunjwa mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Kisu hicho ni kizuri, na watu wa Ulaya na Marekani hukitafuta kwa bei kubwa kikiwa na kipini chake cha kiwandani na ala yake. Sina ugomvi nao. Lakini nauliza: kile kilichokaa kabatini hata kipini kisipate doa, na kile kilichofanya kazi hata kikabadilishwa kipini, kipi kimewinda?

Najua jibu la wafanyabiashara. Watasema soko halina huruma, na kwamba huko kwenye minada ya London kipini kilichobadilishwa na fundi asiyejulikana hupunguza bei. Ni kweli. Lakini sababu ya kupungua ni hilo neno "asiyejulikana". Kipini hicho hicho kikibadilishwa na fundi mwenye jina, au kikiwa na maelezo yaliyoandikwa ya nani alikitia, wapi, na kwa nini, mambo hugeuka, kwani wanunuzi hao hao hulipia habari kuliko chuma. Basi dawa iko mikononi mwetu. Mzee akiwa hai, aulizwe. Jina lake, la babake, la shamba, la mto, na mwaka kwa kukisia, viandikwe katika karatasi na karatasi ikae na kisu. Mzee akifa bila kuulizwa, kisu kinabaki chuma na pembe, na mnunuzi wa mjini anakuwa amesema kweli.

Nimesifu vipini mpaka hapa, lakini si kila kipini ni cha kusifiwa, na katika hili sisi watu wa pwani tuna deni. Tumelelewa tukiona jambia na hanjari kuwa pambo la heshima. Maskati mpaka leo hanjari imo katika bendera ya nchi, na mwaka 2022 UNESCO iliuandika ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hayo ni fahari. Lakini kipini kilichotukuzwa kupita vyote, Yemen na Oman, kilikuwa cha pembe ya kifaru. Miaka ya 1970, fedha ya mafuta ilipowafikia vibarua wa Yemen waliokuwa wakifanya kazi Saudia, kila kijana alitaka jambia la kipini hicho, na pembe zikatoka huku kwetu. Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mnyama mzima karibu atoweke kwa ajili ya kipande cha kushikia.

Kwa hivyo anayekadiria kisu ajue kutambua kipini kimetokana na nini. Pembe ya ndovu, ukitazama mahali ilipokatwa kwa upana, ina mistari membamba inayokatana kama wavu wa kimia. Mfupa hauna mistari hiyo, bali una vitobo vidogo vidogo vilivyoingia weusi. Pembe ya kifaru ni kama nywele zilizogandamana, na nyuzi zake huonekana. Pembe ya ng'ombe au ya nyati huchanuka tabaka kwa tabaka ikizeeka. Kuchoma kipini kwa sindano ya moto ili kukijaribu, kama wafanyavyo wengine, ni kukiharibu. Kioo cha kukuzia chatosha.

Kikiwa ni cha ndovu au cha kifaru, bei yake iwe moja tu: hakiuzwi. Uwindaji ulikatazwa mwaka 1977, biashara ya nyara za wanyama ikafuata mwaka 1978. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini kutoweka, na ingawa imerekebishwa tangu hapo, adhabu bado ni nzito. Hata pembe ya kongoni ni nyara ya mwanapori, na anayetaka kukihamisha kisu cha namna hiyo aanzie kwenye ofisi ya Shirika la Wanyamapori, asianzie sokoni. Na mwenye jambia la zamani la Lamu au la Siyu, mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na wa silaha, ajue kuwa kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kimo katika sheria ya mambo ya kale ya mwaka 2006, wala hakitoki nchini bila ya idhini.

Limebaki jambo la uaminifu. Kila aliyekaa chuoni anakijua kisa cha muuza nafaka aliyetia kavu juu na mbichi chini, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoingiza mkono katika rundo akaukuta unyevu, akamkemea. Kisu cha fungu la nne ni rundo hilo. Anayetia kipini kipya, akakipaka chai na moshi kizeeke, akakiuza kuwa ni cha mlowezi fulani, ameficha aibu ya bidhaa. Na mnunuzi anayejua kuwa kisu kina kisa, akamwambia maskini kuwa hakina thamani kwa kuwa kipini si chake, huyo naye ameficha, ila yeye ameificha sifa. Sioni tofauti kubwa baina yao.

Watu wa Bungoma katika hili wametutangulia. Kisu chao cha jando, lukembe, hawakipimi kwa muhuri wa kiwanda. Hukipima kwa mikono kilimopita, na ngariba hajitokezi tu akashika kisu bila ya kuulizwa ni wa nani. Laiti visu vingine navyo tungeviuliza hivyo.

Basi nasema kwa wenye visu hivi, popote walipo, Moi's Bridge, Kitale au Mombasa: msivipige msasa, msivipeleke kwenye mashine ya kunolea, msivue kipini cha zamani ili mtie cha kung'aa. Pakeni mafuta chuma, na kisu kisikae ndani ya ala ya ngozi mwaka mzima, maana ngozi hula chuma na shaba. Vitu hivi viwili vihifadhiwe mbalimbali lakini visipoteane. Na Kitale kuna makumbusho, yaliyotokana na mkusanyo ulioanzishwa na Kanali Stoneham mwaka 1926 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974. Mwenye kisu na mwenye kisa waende huko wakakionyeshe. Siku nitakapoona bapa la Sheffield limewekwa ndani ya kioo, na chini yake pameandikwa jina la aliyekifunga kipini badala ya jina la aliyekilipia tu, nitajua kwamba kisu kimekadiriwa sawa.